Silinda ya Lori na Mawese ya Arusi

Jumatatu, 27 Machi 1961

Leo nimejitia mashakani kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama kawaida.

Hali ya mji: petroli hakuna. Mafuta ya taa hakuna. Barabara zimefungwa, mto umefungwa, redio inasema tuvumilie, serikali yetu ya hapa Stan, yaani Kisangani, ni imara. Serikali inapika na nini, redio haisemi. Sisi wengine tunapika na kuni, na mwenye kuni katika mtaa wetu wa Kabondo ni jirani yangu Alfani, seremala. Tangu Noeli anatembea kama gavana. Babu yake alifika hapa na msafara wa Waarabu, shoka mkononi. Kila mteja sharti asikilize habari ya shoka lile kabla ya kufungiwa mzigo wake.

Binti yetu Émilie anaolewa Jumamosi baada ya Pasaka na Pierre, kijana wa Yanonge, kule chini ya mto. Clémence mke wangu amesema niagize kuni za arusi kwa Alfani. Nimekwenda. Nimesikiliza shoka. Halafu, mbele ya watu, Alfani akaniuliza kwa sauti ya huruma kama banda langu la kuku limeanguka tena wiki hii au bado. Watu wakacheka. Mimi nikajibu kwamba kuni zake sizitaki. Nina mashine. Inapasua gogo bila shoka, bila jasho, kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya bomba.

Nikarudi nyumbani nikaanza kufikiri ni mashine gani hiyo.

Jumanne, 28 Machi

Nilikuwa mtunza stoo katika garage moja ya mjini mpaka Wazungu walipoondoka. Kila kipande cha lori nakijua kwa jina na kwa namba yake. Kipande kinafanya kazi gani ndani ya lori, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nyuma ya garage kuna lori la kumwaga mchanga, limelala tangu mwaka jana. Mpapai umeota pale anapokaa dereva. Mlinzi amesema yeye aliambiwa alinde ukuta, lori hakuambiwa. Mtu wa sheria! Nimechukua silinda ile ndefu inayoinua sanduku la mchanga, na pampu yake, na robine ya kufungulia mafuta, na mipira yote ya kuyapitishia. Silinda nimeilaza juu ya kipande cha reli. Mwisho wake nimefunga kabari ya chuma. Mbele ya kabari linakaa gogo. Nyuma ya gogo, chuma kisichosogea. Hata mtoto anaelewa. Injini sina, basi pampu nimeiunga na mnyororo wa baiskeli yangu. Nakanyaga, pampu inazunguka, mafuta yanakwenda, gogo linalia. Kwa mawazo.

Sasa mafuta. Mafuta ya mashine hayapo mjini hata ya kupaka bawaba. Lakini katika jiko la Clémence kuna pipa la mawese ya arusi.

Hapa niandike polepole. Kwetu sisi watu wa mto, upande wa bwana-arusi unaleta samaki na upande wa bibi-arusi unaleta mafuta. Samaki bila mafuta ni matusi. Na baba asiyeleta mafuta hasimami kusema mbele ya wakwe. Anakaa, anakula, anafunga mdomo. Hotuba yangu iko tayari tangu Februari. Ina sehemu nne na methali tatu, moja nimeitunga mwenyewe.

Kwa hiyo sikuiba. Nimeazima. Mafuta ya mashine hayapungui: yanatoka kwenye tangi, yanapita pampu, yanaingia silinda, yanarudi kwenye tangi. Baada ya kazi nitayarudisha kwenye pipa na hakuna atakayejua yalitembea. Nimechota ndoo mbili wakati Clémence yuko sokoni.

Mpira mmoja unanyonya kutoka tangi, mwingine unasukuma kwenda silinda. Nimefunga mmoja huku, mwingine kule. Nimekanyaga baiskeli mpaka magoti yameimba. Silinda kimya. Tangi limetoa mapovu kama sufuria ya maharagwe. Nimefunga kule ule niliopaswa kuufunga huku.

Jumatano, 29 Machi

Nimegeuza mipira. Ule wa kunyonya ukapasuka kwa uzee. Nikaweka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Pampu iliponyonya, mpira ukajibana, ukakonda kama Mkristo wa kweli mwisho wa Kwaresima. Nikatia fimbo za mianzi ndani ili usijibane. Akili! Ukapitisha mafuta. Pia ukapitisha vipande vya mianzi.

Alfani alikuja kwenye uzio na msumeno begani. Akasimama muda mrefu. Akauliza, Papa Désiré, hii kitu iko ya kupasua kuni ao ya kupika majani ya pondu? Nikamwambia maendeleo yana harufu yake. Akasema kweli, hata yeye sasa anasikia njaa.

Alhamisi, 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baridi. Nimepanda baiskeli, nimekanyaga kwa nguvu, mnyororo umekatika, nimepita juu ya usukani na kumwangukia jogoo.

Nikafungua tangi. Mawese yameganda! Manjano, mazito, kijiko kinasimama. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimewasha moto chini ya tangi. Kuni zenyewe zilikuwa zimeloa, kwa hiyo nimemtuma Émilie akanunue mzigo mkavu kwa Alfani na asiseme ni wa kazi gani. Alfani hakuuliza. Alimwambia tu amsalimie mashine.

Lakini saa ya mchana, ushindi! Mafuta yamelegea, nimeunga mnyororo, nimekanyaga, na pistoni imetoka polepole kama kobe anayechungulia. Kabari imegusa gogo. Gogo limelia krrr. Limepasuka! Nilipiga kelele mpaka Clémence akatoka na mwiko, akidhani ni askari. Akatazama gogo. Akatazama mapande yake mawili. Akauliza kama toka asubuhi ni hilo moja tu. Halafu akauliza kwa nini mikono yangu ni myekundu. Nimemwambia ni kutu.

Tatizo dogo. Pistoni imetoka, hairudi. Nimekanyaga baiskeli kinyumenyume. Nimeomba. Hairudi. Ndipo nikakumbuka lori lenyewe: silinda inainua sanduku, halafu sanduku kwa uzito wake linaisukuma silinda ndani. Silinda hii inajua kutoka tu. Kurudi ni kazi ya mzigo, na mimi mzigo nimeuacha kule kwenye mpapai.

Nimefunga kamba kwenye kabari na kusimamisha wapita njia wanaokwenda misa ya Alhamisi Kuu. Wamevuta kwa kuimba, wanaume sita na mama mmoja mnene ambaye ndiye aliyevuta kweli. Imerudi. Kila gogo linataka parokia nzima.

Ijumaa, 31 Machi

Ijumaa Kuu. Kwa Alfani pia ni Ijumaa, kwa hiyo alikuwa anapita kwenda msikitini na kanzu yake mpya, ile ya Idi, nyeupe hata macho yanauma. Akasimama kwenye uzio. Nani alimwambia asimame?

Mpira wa kusukuma nilikuwa nimeufunga kwa waya. Gogo la leo lilikuwa gumu, nami nilikuwa natazamwa, kwa hiyo nilikanyaga kuliko kawaida. Waya ukaachia. Mawese yakaruka kutoka uwanja wangu, juu ya uzio, kwa mshale mmoja mzuri, na yakampata kuanzia kofia mpaka viatu.

Kuku walinyamaza. Alfani akajipangusa kidevu kwa kidole, akaonja. Akasema, bon, sasa najua arusi ya mutoto wako itapikwa na nini. Akarudi nyumbani kubadilisha nguo. Hakupaza hata sauti. Ningependa apaze sauti.

Mafuta yaliyoanguka chini hayachoteki. Nimejaribu. Yanakuja na mchanga na punje za mahindi. Nimechota ndoo nyingine mbili kutoka kwenye pipa. Alama ya mafuta imeshuka sana, Clémence angeona kwa jicho moja. Nimetafakari. Mawese yanaelea juu ya maji, hili ni jambo la sayansi. Nimeongeza maji. Alama imepanda mahali pake. Juu pekundu, pazuri. Ni kwa siku chache tu, mpaka nirudishe.

Jumatatu, 3 Aprili

Pasaka imepita salama. Sikufanya kazi jana, Clémence alikuwa ananitazama.

Leo wamekuja askari. Sajini na watu wake wanne, bunduki mkononi. Mtu fulani amepeleka habari kwamba katika Kabondo kuna mzee mwenye mzinga, bomba lake limeelekezwa daraja la Tshopo. Simtaji mtu. Anaishi upande wa kushoto, ana shoka la babu yake.

Sajini akasema, mzee, hii mzinga ulipata wapi? Nikasema si mzinga, ni ya kupasua kuni. Akacheka cheko ambalo halikunipendeza. Akaniamuru niipige. Nikasema haipigwi, inakanyagwa. Akasema basi kanyaga. Askari wakalala chini nyuma ya mgomba.

Nikakanyaga. Mafuta yalikuwa bado mazito. Pistoni ikatoka kama nta inavyoyeyuka. Sajini akasubiri. Akakaa kwenye kinu. Akaomba maji, akanywa. Askari mmoja nyuma ya mgomba alianza kukoroma. Mwishowe gogo likasema krrr na kupasuka. Sajini akasimama, akazunguka mashine, akasema kama adui nao wana mizinga ya namna hii, vita vitachukua muda lakini hakuna atakayeumia.

Nikawaomba wanisaidie kuvuta kamba kabla hawajaondoka. Wamevuta. Serikali ni imara, redio haikudanganya.

Jumatano, 5 Aprili

Nimepata jibu la silinda kurudi. Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu wakati wote.

Kwenye lori silinda inasimama. Basi yangu pia isimame! Nimeisimamisha wima chini ya baraza, kabari ikitazama juu, gogo juu ya kabari, na juu ya gogo boriti ya baraza badala ya chuma kisichosogea. Silinda inapanda, gogo linabanwa kwenye boriti, linapasuka, na uzito wenyewe unaishusha silinda. Hakuna kamba, hakuna parokia.

Nikamwita Alfani. Haikuwa lazima nimwite, lakini nilimwita. Akaja na shoka na fungu lake la magogo ili tuone nani atamaliza kwanza. Watu wa mtaa wakaja na viti.

Alfani akaanza. Tah! Tah! Mimi nikakanyaga. Silinda ikapanda. Nikakanyaga. Gogo likagusa boriti. Nikakanyaga kama mwehu. Kitu kikalia krrr. Nikapaza sauti kwa watu, mmesikia! Clémence naye akapaza sauti, lakini yake ilikuwa ya namna nyingine. Gogo lilikuwa zima. Baraza ndiyo iliyokuwa inapanda. Nguzo zilining'inia hewani kama miguu ya mtoto juu ya kiti kirefu, na chini ya bati niliona anga ya Kisangani pale ambapo sikuwahi kuiona.

Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nguvu ile! Halafu mpira ukapasuka, mafuta mengi yakamwagika, baraza ikashuka. Haikushuka pale ilipotoka.

Alfani alikuwa amemaliza fungu lake. Akalipanga vizuri kando ya ukuta wangu, kuni za kutosha arusi nzima. Nikamwambia sikuagiza. Akasema si zako, ni za Émilie, nilimubeba akiwa na meno mawili. Kuku wetu wote ni wekundu mpaka magoti.

Ijumaa, 7 Aprili

Mitumbwi ya Yanonge imefika asubuhi. Samaki! Wabichi, wa moshi, mmoja mrefu kama benchi. Bokilo wangu Papa Benoît, baba yake Pierre, akateremka na kofia ya majani na kuuliza baraza imelewa lini, arusi si kesho?

Nilikuwa na mpango. Nilitaka kuchuja mafuta yaliyobaki kwenye tangi na kuyarudisha. Yalikuwa meusi kidogo. Yalikuwa na rangi ya kahawa, kusema kweli, na yalinuka lori. Ningeyachanganya usiku.

Clémence hakungoja usiku. Alikuwa na moto tayari na wanawake wa Yanonge wamekaa wanatazama, maana ni desturi watazame mafuta ya upande wetu yanavyoingia. Akachota kwa upawa, juu kabisa. Mekundu. Wanawake wakasema eee. Akachota tena, chini zaidi, akamimina kwenye chungu chenye moto.

Chungu kililipuka. Maji na mafuta yakaruka mpaka kwenye bati, wanawake wakakimbia huku wameshika vitambaa vya kichwa, na mama yake Pierre akajificha nyuma yangu. Nyuma ya nani, maskini hakujua.

Clémence akatia mkono mzima ndani ya pipa. Ukatoka umelowa maji. Akanitazama. Akapanguza mkono kwenye shati langu, mbele na nyuma, kwa utulivu. Halafu aliketi juu ya kinu, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, na Émilie akaja kumshika. Mtoto akasema, mama, tutakula wa kuchoma. Clémence akasema ndani ya kitenge kwamba toka Septemba alikuwa anakusanya mafuta yale, chupa kwa chupa, wakati watu wengine wanauza mpaka milango.



Nilitoka nje kutafuta mafuta. Kila nyumba niliyobisha walinijibu kwa upole na kufunga. Habari ilikuwa imenitangulia.

Jumamosi, 8 Aprili

Wameoana. Padri alisoma haraka, alikuwa amesikia harufu ya samaki.

Samaki wamepikwa na mawese mekundu, mazuri. Ni ya Safi, mke wa Alfani. Aliyaleta mwenyewe jana jioni, akiyabeba kichwani, akampa Clémence mkononi na wakakaa jikoni wawili wakicheka jambo ambalo nilipoingia liliisha.

Basi, desturi. Aliyeleta mafuta ndiye anayesimama. Papa Benoît akauliza nani anasema kwa upande wa bibi-arusi. Nilikuwa nimeshasimama nusu. Clémence akanishika koti nikakaa. Alfani akainuka na kanzu ile ya Idi, imefuliwa lakini bado ina ramani ya Kongo kifuani, rangi ya chungwa.

Alisema kwa muda mrefu. Shoka la babu yake lilikuwamo. Lakini halafu alisema kwamba Émilie alijifunza kutembea akishika uzio wake, upande wa pili akishika mkono wa baba yake. Kwamba baba yake ni mtu ambaye hawezi kuacha kitu kikae kilivyo, na nyumba yenye mtu wa namna hiyo haina amani lakini haina usingizi wa bure pia. Akasema watu wa Yanonge wamtunze huyu mtoto, na wasimwache karibu na bomba lolote, maana inaweza kuwa iko ndani ya damu.

Watu wakacheka, wakalia. Mimi pia nimelia kidogo. Hakuwa na methali hata moja. Yangu niliyoitunga ilikuwa nzuri sana, nimeisema polepole kwa mtu aliyekaa kando yangu, akaniomba nimpitishie pilipili.

Clémence amecheza na kila mtu. Mwisho akacheza na mimi, akinikanyaga vidole kwa hesabu.

Jumatano, 12 Aprili

Nyumba kimya. Émilie yuko Yanonge. Clémence ananisemesha tena, zaidi kuhusu baraza.

Nimekaa nimefikiri bila hasira, kama mtu wa ufundi. Mashine haikuwa na kosa. Iliinua baraza! Mipira haikuwa na kosa kubwa. Mwenye kosa ni mawese: asubuhi yanaganda, mchana yanaruka. Mafuta ya karanga hayagandi hata kwa mvua. Nimeyatazama kwenye chupa tangu Jumapili.

Na tena, Papa Benoît kabla ya kuondoka aliishika ile silinda kwa mapenzi, akaniuliza kama inaweza kuvuta mtumbwi mkubwa kutoka majini mpaka juu ya ukingo. Nilimwambia mtumbwi ni nini, bokilo, hata meli. Mtumbwi ni mzito, utairudisha silinda wenyewe. Alfani hayupo kule. Na kati ya zawadi za arusi nilimwona sista mmoja wa misioni akimpa Émilie dumu zima la mafuta ya karanga kwa ajili ya nyumba yake mpya.

Kesho natelemka Yanonge kuwasalimu watoto. Baba lazima aone binti yake amewekwaje. Clémence amekuta mipira na robine ndani ya kikapu changu, akauliza ni ya nini. Nimemwambia ni zawadi, mtu haendi mikono mitupu. Pampu nimeiviringisha ndani ya suruali ya Jumapili. Hiyo hakuiulizia.